Maswali Yenu: Mwandishi Aliyeamka Saa Nane Usiku

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mlinzi wa zamu ya usiku, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika riwaya ya kisayansi ambayo imekwama katika sura ya nne, kwa kuwa msukumo huja siku mbili ukatoweka mwezi mzima. Mwalimu wangu wa zamani aliniambia niyafuatilie maisha ya Octavia Butler, mwandishi wa hadithi za kisayansi wa Marekani. Je, yeye alipata wapi muda, na alifanya nini msukumo ulipokauka?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu yangu, mwalimu wako amekuelekeza pazuri. Butler alizaliwa mwaka 1947 huko Pasadena, California. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, na mama yake, ambaye alikuwa mfanyakazi wa ndani katika nyumba za watu, ndiye aliyemnunulia taipureta alipotimiza miaka 10, ingawa binti huyo alikuwa na disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, iliyoyafanya masomo ya shule kuwa mzigo mzito. Alipokuwa na miaka 12 alitazama kwenye runinga filamu hafifu kuhusu mwanamke aliyetoka sayari ya Mirihi, akaona kwamba yeye angeweza kutunga kisa bora kuliko kile, akashika kalamu.

Muda aliutoa kwenye usingizi wake. Mama yake alitamani awe katibu muhtasi mwenye mshahara wa uhakika, lakini yeye aliona afadhali vibarua ambavyo havikuichosha akili, ili aweze kuamka saa nane au saa tisa usiku na kuandika kabla ya kwenda kazini. Aliosha vyombo, aliuza bidhaa kwa simu, alifanya kazi ghalani, na kuna wakati kazi yake ilikuwa kukagua krispi za viazi. Mwaka 1970 alihudhuria warsha ya waandishi ya Clarion, akauza hadithi fupi mbili na kudhani mlango umefunguka. Kumbe ilimbidi akae miaka mitano mingine akipokea barua za kukataliwa, hadi riwaya yake ya kwanza ilipotoka mwaka 1976. Nakuomba uitafakari miaka hiyo mitano kuliko tuzo alizozipata baadaye, kwa sababu ndiyo inayofanana na hali yako ya sasa.

Kuhusu msukumo, aliwaandikia waandishi wanaoanza kwamba wausahau kwanza, kwa kuwa mazoea ni ya kutegemewa zaidi: mazoea humshikilia mtu awe na msukumo au asiwe nao. Pamoja na hayo, alijitia moyo kwa maneno ya wazi. Kuna daftari lake la mwaka 1988 ambamo alijiandikia kwa mkono kwamba vitabu vyake vitasomwa na mamilioni ya watu, kwamba atawalipia vijana maskini weusi waende Clarion, na mwishoni akajiamuru kuhakikisha kwamba inakuwa hivyo. Riwaya yake ya mwaka 1993 iliingia katika orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi ya gazeti la New York Times mwaka 2020, miaka 14 baada ya kifo chake.

Sipendi, hata hivyo, uondoke hapa ukiamini kwamba mazoea huondoa kila kikwazo. Baada ya mwaka 1998 alijaribu mara nyingi kuianza riwaya ya tatu katika mfululizo wake mmojawapo, na kila alipoianza ilimfia mikononi. Rasimu hizo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Huntington huko San Marino, California. Alikuja kuandika riwaya nyingine kabisa, ikatoka mwaka 2005. Kwa hiyo sura yako ya nne kukwama si ushahidi kwamba huna kipaji. Wala usiige saa yake, kwani saa nane usiku wewe una lindo la watu mkononi. Chagua nusu saa baada ya kukabidhi zamu, kabla hujalala, na uiheshimu hata siku ambayo utaandika mistari mitatu tu.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Je, mwandishi wa hadithi za kisayansi ana haja ya utafiti, ikiwa kila kitu anakibuni?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitakaa na Butler huyuhuyu. Alipotaka kuandika juu ya mwanamke mweusi wa mwaka 1976 anayevutwa kurudi katika jimbo la Maryland la zama za utumwa, alipanda basi kutoka California hadi Maryland kwa fedha zake chache, ili aione nchi hiyo kwa macho yake. Alitembelea pia Mount Vernon, lililokuwa shamba la George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, ambako waongozaji wa wageni hawakuwataja watumwa, walisema “watumishi”. Basi akageukia masimulizi yaliyoandikwa na waliokuwa watumwa wenyewe, na humo akakuta ukatili ambao, kwa maelezo yake mwenyewe, ilimbidi aupunguze ili wasomaji waweze kuuvumilia. Riwaya ilitoka mwaka 1979, na wanaoisoma leo bado husema kwamba inatisha.