Nyuzi mbili hazisikiki kwenye spika

Ndugu yangu wa Lindi, kama nyuzi mbili nyembamba za gitaa lako zinafifia spikani tangu ufunge pikapu ya piezo (kinasa sauti kinacholazwa chini ya nyuzi, darajani) na nyingine zinalia vizuri, usikimbilie kununua mpya. Piezo husoma mgandamizo wa kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi darajani. Kisipoilalia sawasawa, sauti ya upande huo hupotea. Legeza nyuzi, kitoe, safisha vumbi la mbao kwenye mfereji wake, kisha sawazisha chini yake kwa msasa uliolazwa juu ya kioo. Taratibu mno! Ukizidisha, nyuzi zitashuka na kukwaruza vyuma vya shingoni. Ukisikia mikwaruzo spikani, kagua jeki, yaani tundu la kuchomekea waya. Huku kwetu Mtwara chumvi ya bahari huzila. Na chomoa waya ukimaliza kupiga, usimalize betri ya pikapu bure.