Ndugu zako watafutie daktari wao: ushauri kwa anayetaka kusomea udaktari wa familia

Matokeo ya mtihani yametoka na nimefaulu, Alhamdulillah, tena vizuri kuliko nilivyotegemea. Tangu niweke ile posti ya kushukuru inbox imejaa hongera, asanteni sana jamani. Ila kuna meseji moja imenikaa kichwani. Ni ya dada mmoja daktari tarajali, yuko mkoani, ana mtoto mdogo na mume wake kikazi yuko mkoa mwingine. Anasema anautaka udaktari wa familia kwa moyo wote lakini anaogopa, anauliza "dada unaishije huko, nyumbani unabaki na nini?" Nikamjibu kwa kifupi kwa sababu nilikuwa naingia kliniki, nikamuahidi nitaandika kwa kirefu. Najua hayuko peke yake, mko wengi mnaosoma hapa mnataka njia hii hii.

Kwanza niseme mimi ni nani kwa wageni. Niko mwaka wa tatu wa masomo ya ubingwa wa tiba ya familia hapa Dar, naishi Kimara, nina mume na mtoto mmoja wa kiume. Jina la hospitali naliacha, halihusiki.

Hii fani nimeipigania. Nilipokuwa tarajali, kuna daktari bingwa mmoja alitusimamisha kwenye raundi ya wodini asubuhi akaanza kuuliza mmoja mmoja, wewe unataka kusomea nini. Wenzangu wakataja upasuaji, watoto, akina mama, yeye anatikisa kichwa anakubali. Nikasema tiba ya familia. Akanyamaza kidogo, akasema mbele ya wagonjwa na manesi, "hiyo ni ya waliokosa nafasi kwingine". Watu wakacheka, hata rafiki zangu wakacheka. Sikumjibu, nani anamjibu bingwa kwenye raundi? Lakini iliniuma na mpaka leo nikikumbuka inaniuma, nisiwadanganye.

Kwa hiyo namjibu hapa. Nchi hii baada ya Azimio la Arusha 1967 ilijenga zahanati vijijini kwa sababu tulielewa mapema kwamba watu hawaishi Muhimbili, wanaishi kwao. Mwaka 1978 dunia nzima ikakaa kwenye mkutano wa afya mjini Alma-Ata, Kazakhstan ya leo, ikakubaliana kuwa afya ya msingi ndo msingi wenyewe. Jirani zetu Kenya, Moi University pale Eldoret ilianza kufundisha madaktari wa familia mwaka 2005, Afrika Kusini wakaitambua rasmi kama fani ya ubingwa 2007. Hao wote walikosa nafasi kwingine? Mgonjwa anayekuja na presha, na sukari, na goti, na mume aliyepoteza kazi, hawezi kugawanywa vipande vinne apelekwe milango minne, lazima awepo mtu mmoja wa kumuona mzima mzima.

Nitawapa mfano mmoja ili muelewe kazi yenyewe, mana bila kuielewa kazi hamtaelewa kwa nini nasisitiza kupumzika.

Mwaka huu alikuja mama mmoja, umri wake sitini na kitu, kanga mbili, mtu mpole sana. Shikamoo mama, marahaba mwanangu. Akakaa, akavuta kanga kidogo akanionyesha miguu, imevimba mpaka alama za kandambili zimebaki kwenye ngozi. Akasema, "figo zangu zimekufa, naomba uniambie ukweli tu." Nikamwambia mama tutoe dawa zote unazotumia tuzione. Akafungua pochi akaanza kupanga mezani bahasha za kaki, zile ndogo za dawa, moja moja, nyingine mwandiko umefutika. Amlodipini kutoka kituo cha afya. Nifedipini kutoka hospitali nyingine aliyopelekwa na mwanae alipozidiwa. Na Lasix, hiyo hana cheti chake kabisa, aliambiwa kwa simu na mpwa wake anayeuza kwenye duka la dawa, kwamba miguu ikivimba meza hiyo, maji yatatoka.

Mmeona? Amlodipini na nifedipini ni dawa za presha za kundi moja, zinatanua mishipa, na moja ya kero zao zinazojulikana sana ni kuvimba miguu. Mama alikuwa anazimeza zote mbili kila siku. Uvimbe wa dawa hizo si maji yaliyozidi mwilini, kwa hiyo Lasix haikuusaidia, ilimuamsha tu kukojoa usiku kucha na kizunguzungu juu. Tukapima figo, ziko salama. Nikamuita mwalimu wangu, tukakubaliana kuondoa nifedipini, kuondoa Lasix, kupunguza amlodipini na kuongeza dawa ya kundi jingine, arudi baada ya wiki mbili. Aliporudi miguu imeshuka, presha imetulia, na anasema analala. Alinishika mikono yote miwili. Mwalimu aliniambia mbele ya residenti wadogo, yani madaktari wanaosomea ubingwa kama mimi, kuwa hivyo ndivyo tiba ya familia inavyofanywa, na siku hiyo yule bingwa wa raundi nilitamani angekuwepo.

Sasa sikilizeni. Zile bahasha nilizisoma kwa sababu usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimelala. Hakuna mashine pale wala upasuaji wowote, ni utulivu wa kukaa na mtu na kusoma vibahasha huku foleni nje inanung'unika. Daktari aliyetoka zamu ya usiku hajalala, mama kama huyu atamuandikia Lasix nyingine aende zake. Kwetu sisi kichwa kilichopumzika ndo kifaa cha kazi. Kwa hiyo mtu akikuambia kupumzika ni uvivu, au residenti wa kweli halali, usimsikilize hata kama ana cheo.

Ratiba sitawachosha nayo. Ukiwa wodini, yani rotesheni, zile zamu za kuzunguka idara za watoto, uzazi, dharura na kadhalika, unafuata zamu zao, na zamu ni zamu, utakesha na asubuhi utabaki kwenye raundi. Ukirudi kliniki yetu mambo yanakuwa ya mchana zaidi, wagonjwa asubuhi, vipindi mchana, andiko la utafiti jioni. Mimi natoka Kimara mapema na mwendokasi kabla watu hawajajaa, na kwenye basi sisomi kitu, nafumba macho. Wenzetu wanaosomea fani hii Uingereza wanamaliza kwa miaka mitatu, wana kikomo cha kazi cha wastani wa saa 48 kwa wiki, na wenye watoto wanaruhusiwa kuomba kusoma kwa asilimia 80 ya muda. Huku kwetu hayo usiyategemee, ratiba utakayopewa ndo hiyo, na ukilalamika unaambiwa sisi wakati wetu tulikuwa wawili wodi nzima.

Lakini kiukweli, na hapa ndo kiini cha makala yote, hospitali haikuninyima maisha. Kilichokuwa kinanimaliza ni simu.

Nyie madaktari mnajua. Ukishakuwa daktari kwenye ukoo wa Kiswahili wewe ni wa wote. Unafika nyumbani saa moja usiku, mtoto amekusubiri, unavua viatu tu, WhatsApp inalia. "Dokta nina swali dogo." Picha ya upele haina hata mwanga. Picha ya majibu ya maabara ya jirani wa binamu. Mtu yuko duka la dawa sasa hivi anataka umtajie antibayotiki. Sauti ya dakika saba ya mama mkwe wa wifi yako. Halafu ukisema nenda hospitali wanasema sasa wewe unasaidia nini. Na bado michango ya matibabu, kila anayelazwa wewe ndo unapigiwa kwanza kwa sababu "wewe uko ndani huko utaongea nao", wakati residenti hata mshahara wa maana hana, wengine hawana kabisa.

Nikaamua kuweka mpaka. Nikaandika kwenye group la ukoo, kwa heshima zote, kwamba nawapenda, ila niko masomoni, maswali ya afya nitayajibu Jumamosi alasiri, na kwa simu sitaji dawa. Nikaweka na orodha ya mambo ambayo hayasubiri Jumamosi wala hayasubiri meseji yangu, ni kukimbilia hospitali moja kwa moja: kifua kubana, kushindwa kupumua, mkono au mdomo kulegea upande mmoja ghafla, mtoto kupata degedege au kukataa kunyonya, mjamzito kutoka damu au kuumwa kichwa sana na kuona maruweruwe. Hiyo orodha ichukueni, mtumie na nyie, inaokoa watu.

Basi kikaitwa kikao. Shangazi yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilipia ada kidato cha tano na sita, haki yake siikatai, alisema mbele ya watu wote, "tulimsomesha atutibu, leo tunapangiwa siku kama tunaenda benki." Nilikuwepo, nimekaa kwenye mkeka, mtoto mapajani. Hakuna aliyenitetea isipokuwa baba mdogo, naye kwa sauti ya chini. Shangazi hakuniongelesha muda mrefu sana, kwenye harusi ya dada yangu alinipita kama hanijui. Nimesamehe, ila sijasahau.

Sikubadilisha msimamo. Nilichofanya ni hiki, na ndo ushauri wangu mkubwa kuliko yote: nilimtafutia shangazi daktari wake. Siku yangu ya mapumziko nilienda naye kituo cha afya cha karibu na kwake Mbagala, tukapanga foleni kama watu wengine, nikamkabidhi kwa tabibu wa pale na nesi wa kliniki ya presha, akafunguliwa faili, akapewa daftari la kuandikia vipimo. Alikasirika njia nzima. Leo anaenda kila mwezi mwenyewe, nesi wanaitana majina, presha yake iko chini ya 140/90, na mtu anayempima anajua mwezi uliopita ilikuwa ngapi. Mimi kwa simu nisingeweza kumpa hicho hata ningejibu meseji zake usiku na mchana. Yule mama wa bahasha na yeye alikuwa na ndugu anayemjibu kwa simu kwa upendo kabisa, na mmeona upendo huo ulimfikisha wapi.

Kwa hiyo wadogo zangu, msione aibu. Kumtibu ndugu kwa meseji si kumpenda, ni kumnyima faili, kumnyima kipimo, kumnyima mtu wa kumfuatilia. Tunawafundisha wagonjwa kila siku kwamba wawe na sehemu moja wanayojulikana, halafu mama zetu wenyewe tunawaacha wanatibiwa na WhatsApp. Haifai. Weka mpaka, useme mapema, useme kwa heshima, halafu uusimamie hata wakikununia. Na huo mpaka usiutangaze tu ukaishia hapo, wape mbadala, mshike mkono mmoja mmoja umpeleke.

Mengine ni ya kawaida lakini nitayasema. Simu ikifika nyumbani inakaa jikoni juu ya kabati mpaka mtoto alale, mwenye dharura ya kazi ana namba ya mume wangu. Baada ya zamu ya usiku nalala kwanza, nguo na vyombo baadaye. Dada wa kazi mpe heshima na umlipe kwa wakati hata kama wewe hujalipwa, bila yeye hakuna ubingwa. Na mume ongea naye kabla ya kuanza masomo, sio katikati, mwambie kabisa kuna miezi hutakuwepo na pesa zitapungua, akubali akiwa ana akili timamu na sio akiwa ameshazidiwa na mambo. Wangu alikubali, na tulipokwama alikumbuka kuwa alikubali. Kuweka mpaka na ndugu wakati ndani kwako hamjaelewana ni kazi bure.

Sasa dada uliyeniandikia. Njoo, fani inakuhitaji, na mtoto si kizuizi, nimeona wenye wawili wakimaliza. Ila kabla hujajaza fomu, kama umeshaajiriwa serikalini ruhusa ya masomo iwe mkononi kwa maandishi, usianze kwa ahadi ya mdomo. Kama hujaajiriwa, uliza chuo kinamlipa residenti au residenti ndo anakilipa chuo, mana viko vya aina zote mbili na maisha yake hayafanani hata kidogo. Uliza rotesheni za nje ya mji ni miezi mingapi na unalala wapi, ili ujue mtoto anakaa na nani. Uliza baada ya zamu ya usiku unaruhusiwa kuondoka asubuhi au unaunganisha mpaka jioni. Na hayo usimuulize mkuu wa idara, yeye atakusomea kilichoandikwa kwenye kitabu cha chuo. Watafute residenti wa mwaka wa pili, ambao hawajasahau mwaka wa kwanza, wanunulie chai canteen wakiwa wametoka zamu, watakuambia kila kitu.