Pikapu mpya ya umeme ikianza kusumbua, shika kalamu kwanza

Asubuhi moja ya Januari, hapa Minneapolis, nilitoka nje saa kumi na moja kasoro alfajiri. Baridi ilikuwa nyuzi 24 chini ya sifuri. Pikapu yangu ilikuwa imelala kwenye chaja usiku kucha, na kabla ya kulala nilikuwa nimeona kwenye simu kwamba betri imefika asilimia 90. Nikabonyeza mlango, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Nikatoa ufunguo wa chuma, nikafungua kwa mkono, nikakaa ndani. Skrini nyeusi, hata taa ya dari haikuwaka. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na watoto wameshavaa makoti.

Gari lilikuwa na miezi miwili tangu litoke dukani.

Nikapiga simu ya brekidauni. Dereva alipofika, hata hakusogelea chaja. Aliniuliza kama nimepima betri ndogo. Nikamwambia hili ni gari la umeme, betri yake ni ile kubwa iliyo chini ya sakafu. Akafungua boneti, akaniinulia kifuniko cha plastiki, akaniwekea mita. Ilisoma volti 10.9. Betri nzima ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6 ikiwa imetulia, na ikishuka chini ya 12 ujue iko karibu kuisha. Ile yangu ilikuwa imekwisha kabisa.

Naandika haya kwa ajili ya ndugu zangu mliopo huku Marekani ambao mmenunua pikapu za umeme au mnafikiria kununua. Wengi wetu tunazitumia kwa kazi za mikono: rangi, usafi, kuhamisha vyombo, kupeleka vyakula vya sherehe. Gari likilala siku tatu, mkate wa nyumbani umelala nao. Mimi sasa linafanya kazi vizuri, lakini kulifikisha hapo kulinichukua miezi kadhaa, na nusu ya muda huo niliupoteza kwa kutojua mambo mawili tu. Kampuni iliyolitengeneza siitaji, wala duka nililonunua, maana ninayosema yanaweza kumpata mwenye gari la kampuni yoyote.

Jambo la kwanza ni hiyo betri ndogo. Betri kubwa ina umeme wa volti mia kadhaa, na kwa usalama wako haiunganishwi na gari muda wote. Kuna swichi kubwa za ndani zinazoikata gari likilala na kuiunganisha gari likiamka. Ule mlio wa "tak" unaousikia ukiwasha gari ndio huo. Kinachozipa swichi hizo nguvu ni betri ndogo. Hiyo hiyo ndiyo inayoendesha kompyuta, kufuli za milango na skrini. Ikifa, umeme wote ulio chini ya sakafu unakuwa kama maji ya kisima ambacho kamba yake imekatika. Wakati gari liko macho, kuna kifaa kinachochukua umeme wa betri kubwa na kuijaza ndogo. Gari likilala, kompyuta zote zinatakiwa kulala pia. Moja ikikataa kulala, inanyonya betri ndogo usiku kucha, na baridi inamalizia.

Kwa hiyo nunua mita ya umeme, bei yake ni ndogo, ujifunze kupima. Soma kwenye kitabu cha gari betri ndogo iko wapi, ufunguo wa chuma unaingia wapi, na kama gari linaruhusu kubustiwa na kwa njia gani. Usikisie. Pikapu nyingi ni volti 12, lakini Tesla Cybertruck, kwa mfano, imejengwa kwa mfumo wa volti 48, na ukiichukulia kama Hilux ya nyumbani utaharibu kitu. Ukiona nyaya za rangi ya chungwa, acha. Hizo ni za umeme mkubwa, unaoua. Najua tuna mafundi wetu wa mtaani, vijana wenye mikono ya dhahabu, na mimi mwenyewe gari langu la zamani la petroli halikuwahi kuguswa na mtu mwingine. Lakini kwenye nyaya za chungwa, kama fundi hajasomea, mwambie asante kaka, hapana.

Jambo la pili ndilo lililoniumiza zaidi, nalo ni karatasi.

Kwetu mtu akiwa na gari bovu anampigia fundi, fundi anakuja, mnaongea, anasikiliza mlio, anafungua, mnamalizana. Neno linatosha. Nilienda gereji ya wauzaji kwa moyo huo huo. Dada wa mapokezi akaniuliza tatizo ni nini, nikamwambia gari linasumbua asubuhi, haliwaki. Akaandika hivyo hivyo. Fundi akaingiza gari kwenye jengo lenye joto, akachomeka kompyuta, kila kitu kikaonyesha kijani. Siku ya pili nikaitwa nichukue gari. Kwenye karatasi pameandikwa kwamba hawakuona tatizo. Nilifurahi, nikaikunja ile karatasi nikaitupa kwenye droo bila kuisoma.

Siku tisa baadaye, gari limekufa tena. Safari hiyo niliwapigia simu tu, wakaniambia pengine ni baridi, nikaibusti mwenyewe na kwenda kazini. Tukio lile halikuandikwa popote. Kwa upande wa kampuni, halikutokea.

Aliyenizindua ni shemeji yangu, anayefanya kazi ya madai ya bima. Alinikalisha mezani jikoni akanieleza kwamba hitilafu inayokuja na kuondoka haitibiwi kwa maneno. Kompyuta za gari zinaweka kumbukumbu za kila kinachotokea, lakini fundi mwenye magari kumi na mawili ya kushughulikia hatapekua kumbukumbu za wiki mbili kutafuta dakika moja. Mpe dakika hiyo.

Nikanunua daftari dogo, nikaliweka kwenye mfuko wa mlango. Safari iliyofuata nilimpa dada wa mapokezi kipande cha karatasi nilichokuwa nimeandika, nikamwomba anakili neno kwa neno: Alhamisi, saa kumi na moja na dakika tano alfajiri, nyuzi 19 chini ya sifuri, betri kubwa asilimia 88, betri ndogo volti 11.1, chaja imechomekwa, milango haifunguki kwa simu, skrini haiwaki, toleo la programu namba fulani. Nikawaonyesha na video niliyopiga, inayoonyesha mita na skrini nyeusi kwa pamoja. Fundi mwenyewe akatoka kuja kuzungumza nami. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso wake.

Tangu hapo siondoki gerejini bila hati ya matengenezo yenye tarehe ya kuingiza gari, tarehe ya kulitoa, maili, malalamiko kwa maneno yangu, na walichofanya. Hata kama hawakufanya kitu. Hasa kama hawakufanya kitu. Wakisema si lazima kuandika kwa kuwa waranti inalipia kila kitu, simama hapo hapo kwa adabu na uombe tena. Dada yule hakuwa mtu mbaya hata kidogo, alikuwa amezoea watu wasiouliza.

Karatasi hizi zina uzito kwa sababu ya sheria. Hapa Marekani gari jipya lililotoka kiwandani likiwa bovu lisilotengenezeka huitwa limau, na kila jimbo lina sheria yake ya malimau. Connecticut ndiyo iliyoanza, mwaka 1982. Hapa Minnesota, kwa ufupi, kama tatizo lile lile limejaribiwa kutengenezwa mara nne au zaidi bila kupona, au gari limekaa gerejini jumla ya siku 30 za kazi au zaidi, ndani ya muda wa waranti au miaka miwili tangu ulikabidhiwe, kutegemea kipi kinaisha mapema, sheria inakuwa upande wako wa kudai ubadilishiwe au urudishiwe fedha. Breki au usukani ukishindwa kabisa kwa namna inayoweza kuua, jaribio moja linatosha. Sasa jiulize: utathibitishaje mara nne wakati una karatasi mbili? Ile simu niliyopiga na kuambiwa ni baridi ingekuwa mara yangu ya pili.

Na kuna kipengele ambacho sisi wa kazi za mikono tukiangalie sana. Sheria ya Minnesota inamlinda mtu ambaye gari lake linatumika kwa mambo binafsi na ya familia angalau asilimia 40 ya muda. Pikapu yangu inabeba ndoo za rangi, lakini pia ndiyo inayopeleka watoto shule na mama sokoni. Nilianza kuandika safari hizo nazo. Mstari mmoja kwa siku, basi.

Kabla hujafika kwenye madai, mtengenezaji, wakala wake au muuzaji wake aliyeidhinishwa lazima aarifiwe kwa maandishi na apewe nafasi ya kurekebisha. Mimi nilimtumia mtengenezaji barua ya rejista, nikahifadhi risiti ya posta pamoja na nakala. Barua ilikuwa ukurasa mmoja: tarehe, matukio, siku za gerejini, ombi langu. Sikutukana mtu wala kueleza nilivyoumia, ingawa nilikuwa nimeumia. Sheria pia inamtaka mtengenezaji awe na utaratibu wa usuluhishi ndani ya jimbo, kwa hiyo hujiingizi moja kwa moja kwenye gharama za mahakama. Juu ya hizi za majimbo kuna sheria ya taifa zima ya waranti, Magnuson-Moss, ya mwaka 1975, ambayo mteja akishinda, mahakama inaweza kuamuru gharama za wakili wake zilipwe na upande wa pili. Mwanasheria Mkuu wa Minnesota ana mwongozo wa bure juu ya haya. Wa majimbo mengine, tafuteni wa kwenu, masharti yanatofautiana.

Tafadhali, usiache kulipa mkopo wa gari eti kwa sababu gari liko gerejini. Deni ni la benki, na benki haijui habari za betri. Namjua kijana aliyefanya hivyo. Alipoteza gari na jina lake zuri la mikopo kwa mpigo.

Ukiwa na namba ya chesisi, ile yenye herufi na tarakimu 17, iingize kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya taifa, uone kama gari lako limeitwa na mtengenezaji kurekebishwa. Fanya hivyo kila baada ya mwezi mmoja au miwili. Kuitwa si aibu ya kampuni moja. Rivian iliita magari kama elfu 12 mwezi Oktoba 2022 kwa sababu ya skrubu ya sehemu ya usukani. Ford iliita pikapu 18 za F-150 Lightning mwaka 2023 kwa hatari ya betri. Tesla iliita Cybertruck 3,878 mwezi Aprili 2024 kwa kipande cha pedali ya mafuta kinachoweza kuchomoka na kunasa. Kazi hizo ni bure. Na tatizo lako likihusu usalama, ripoti hapo hapo. Malalamiko yanayofanana yakirundikana ndiyo yanayofanya uchunguzi uanze.

Ila tuwe wakweli, si kila kinachokera ni ubovu. Wakati wa baridi kali, theluthi ya umbali unaoweza kwenda kwa chaji moja, au zaidi, inapotea, hasa ukiwasha joto la ndani kwa safari fupi fupi. Ukivuta trela kubwa, umbali unaweza kupungua nusu. Chaja ya barabarani ikienda polepole, jaribu nyingine kabla ya kulilaumu gari: ikigoma moja tu, ubovu ni wa chaja, zikigoma tatu za sehemu tofauti, andika na uende gereji. Ukichanganya malalamiko ya kweli na ya baridi, fundi atayapima yote kwa mizani moja. Na sasisho la programu likija usiku wa kuamkia safari au kazi kubwa, liahirishe. Lifanye siku ambayo gari likigoma hutakosa kitu, na uandike tarehe na namba ya toleo, maana hitilafu nyingine huzaliwa hapo na nyingine huponea hapo.

Langu lilipona kwenye ile nafasi ya mwisho baada ya barua. Mtengenezaji alimtuma fundi wake, akakaa na gari siku nne, akaliacha nje kwenye baridi makusudi, jambo ambalo gereji haikuwahi kulifanya. Akagundua kompyuta ndogo inayosimamia kuchaji ilikuwa hailali kila mara chaja inapobaki imechomekwa baada ya betri kujaa. Wakaibadilisha, pamoja na betri ndogo. Alipokuwa anafunga boneti aliniomba apige picha kurasa za daftari langu, kwa sababu aliona matukio yote yalikuwa ya usiku ambao chaja ilibaki imechomekwa. Mimi niliyeandika nilikuwa sijaliona hilo.

Februari iliyopita tulikwenda Duluth na familia. Tulisimama Hinckley kuchaji na kula. Daftari bado liko mlangoni, na mstari wa siku hiyo unasema: nyuzi 17 chini ya sifuri, asilimia 90 nyumbani, 46 Hinckley, betri ndogo 12.7, hakuna onyo.