Dodoso mlangoni, vyuma shambani: maswali yenu kuhusu utafiti wa chuo kikuu

Maswali ya safari hii yametoka Bahi, Chamwino, Chemba, Kongwa na Dodoma mjini. Mengi yanahusu wale wageni wenye dodoso, vinasa sauti na mifuko ya sampuli wanaopita vijijini kila mwaka.

Mwanangu amemaliza kidato cha sita, anataka Chuo Kikuu cha Dodoma. Nasikia kinafanya tafiti nyingi. Ni tafiti gani, na sisi wakulima zinatuhusu nini? (Mzazi, Bahi)

Mzee wetu, chuo kilichoanza mwaka 2007 pale Chimwaga kina walimu wa udaktari, kompyuta, miamba, uchumi, elimu, lugha, historia na mengine mengi. Kila mmoja anafundisha na anatafiti, na kila fani ina namna yake ya kupata ushahidi. Chukua korongo moja la Kondoa. Mtaalamu wa udongo anapigilia vyuma vyenye alama ardhini, mvua zikiisha anarudi kupima ni milimita ngapi za udongo zimekwenda. Mtu wa ramani analinganisha picha za satelaiti za miaka tofauti aone korongo limepanuka wapi. Mchumi anauliza kaya zilizo kandokando zimepoteza magunia mangapi. Mwanahistoria anarudi kwenye mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, na uamuzi wa mwaka 1979 wa kuondoa mifugo kwenye maeneo yaliyoharibika, kisha anawauliza wazee ng'ombe walipelekwa wapi.

Ukisoma kazi ya mtu wa udongo peke yake, utasema mifugo iondolewe basi. Ukifika kwa mwanahistoria, utataka kujua familia iliyoishi kwa maziwa ilikula nini. Ndiyo maana chuo kikubwa kinahitaji fani zote hizo. Na si kila utafiti wa huku ni wa chuo: wa zabibu uko kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) Makutupora, wa mifugo uko Taasisi ya Utafiti wa Mifugo (TALIRI) Mpwapwa.

Walikuja vijana na betri, waya na vyuma vinne, wakasema hapa kuna maji. Tumechanga, tumechimba mita 90, kukavu. Walitudanganya? (Mwenyekiti wa kitongoji, Chamwino)

Si lazima iwe hivyo, mwenyekiti. Kile chombo hakioni maji. Vyuma viwili vya nje hupitisha umeme ardhini, viwili vya ndani hupima volti. Kadiri vya nje vinavyosogezwa mbali, ndivyo kipimo kinavyokwenda chini zaidi. Kinachopatikana ni ukinzani, yaani ardhi inaupinga umeme kiasi gani. Mwamba mgumu wa matale usio na nyufa hupinga sana, ila ule uliooza au kupasuka na kushika maji hupinga kidogo. Tatizo ni kwamba udongo wa mfinyanzi nao hupinga kidogo, na maji ya chumvi vilevile. Kwenye grafu vitu hivyo vitatu vinaweza kufanana kabisa.

Kosa la pili ni la siku ya kuchimba. Kwenye mwamba wa huku kwetu maji mengi yamo ndani ya nyufa, na ufa unaweza kuwa mwembamba. Gari la kuchimbia likishindwa kufika kwenye kigingi kilichowekwa na wapimaji kwa sababu ya mti au korongo, wachimbaji husogea mita 20 na kuanza kazi. Mita 20 zinatosha kuukosa ufa. Kwa hiyo, kabla hamjachangishana tena, ombeni nakala ya grafu, mahali vigingi vilipowekwa kwa namba za GPS, na idadi ya mistari iliyopimwa. Mstari mmoja hautoshi kumaliza pesa za kijiji. Siku ya kuchimba, mtu wenu akae pale apange vipande vya mwamba vinavyotoka kila mita, kwa mfuatano, juu ya turubai. Hiyo ndiyo kumbukumbu atakayoihitaji mtaalamu wa pili.

Mkipata maji, msifurahie ndoo za kwanza. Pampu ifanye kazi saa 24 huku kina kikipimwa, ikiwezekana Oktoba au Novemba, ardhi ikiwa imekauka kabisa. Pimeni chumvi na floridi pia. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kumbukumbu za miaka 55 za visima vya Makutupora, zilizochapishwa kwenye jarida la kisayansi mwaka 2013, zilionyesha kuwa maji ya chini ya ardhi hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kawaida. Kisima kilichopimwa baada ya msimu wa namna hiyo kinaweza kuwapa matumaini makubwa mno.

Kijiji changu cha utafiti kina kaya 1,200. Kwa kanuni ya Yamane, ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, nimepata sampuli ya 300, lakini msimamizi amekataa sura yangu ya tatu, ile ya mbinu za utafiti. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi wa umahiri, Dodoma mjini)

Hesabu yako ni sahihi, mdogo wetu. Kiwango cha kosa cha 0.05 kikizidishwa chenyewe ni 0.0025; mara 1,200 ni 3; ongeza 1 upate 4; gawa 1,200 kwa 4, unapata 300. Msimamizi hagombani na namba, anataka kujua hao 300 utawapataje.

Anza na hiyo 1,200. Kama ni ya rejista ya kijiji, kaa na mtendaji na wenyeviti wa vitongoji, mfute waliohama na kuandika waliohamia. Kwa orodha iliyosafishwa, na kama bado ni kaya 1,200, chukua kila kaya ya nne. Pa kuanzia piga kura kati ya 1 na 4: ikitoka 3, unakwenda kaya ya 3, ya 7, ya 11 na kuendelea. Ukikuta mlango umefungwa, usihamie kwa jirani. Rudi jioni, rudi siku nyingine, hata mara tatu, ukikosa kabisa andika kuwa haikupatikana. Anayepita saa nne asubuhi msimu wa palizi na kuhoji aliowakuta, amehoji wagonjwa, wazee na wenye maduka, halafu anaandika kuwa huo ndio uzalishaji wa kijiji. Kanuni ya Yamane haiwezi kuiokoa sampuli ya namna hiyo.

Kisha litazame dodoso lenyewe. Swali la "ulivuna magunia mangapi" linaonekana jepesi, lakini mmoja anajibu kwa gunia la kilo 100, mwingine kwa lumbesa, wa tatu anahesabu madebe. Uliza chombo kwanza, idadi baadaye. Lijaribu dodoso kwa kaya 15 hivi za kijiji jirani, na kama wahojiwa ni wazee wa Kigogo, tafsiri ya maswali iandikwe kabla. Wasaidizi wako wakitafsiri papo kwa papo, kila mmoja atauliza swali lake.

Mtafiti amekaa wiki tatu na bibi yetu anarekodi maneno ya Kisandawe tu. Huo nao ni utafiti? (Msomaji, Chemba)

Ndiyo, tena mgumu. Kisandawe kina vidoko, zile sauti za kudokoa ulimi, na hutolewa mahali patatu: kwenye meno, nyuma ya ufizi na pembeni mwa ulimi. Vikichanganywa na namna tofauti za pumzi na sauti, vinapatikana vidoko 15, na kukosea kimoja kunaweza kubadili neno. Majirani zake Kirangi na Kigogo ni vya Kibantu, Kiburunge na Kialagwa ni vya Kikushi. Ni sehemu chache za nchi zenye mchanganyiko huo karibu karibu. Rekodi nzuri hufanyika mbali na upepo na kuku, neno husemwa mara tatu, peke yake na ndani ya sentensi. Ila bibi mmoja hatoshi. Mwambieni mtafiti asikilize na wanaume, na vijana pia.

Mahindi yangu maabara moja imesema ni salama, nyingine imesema sumukuvu imezidi. Nani mkweli? (Mfanyabiashara, Kibaigwa)

Huenda wote. Sumukuvu, yaani sumu ya kuvu wa nafaka (aflatoksini), haisambai sawasawa. Kiganja kimoja cha mahindi kinaweza kuwa safi na cha pembeni yake kikabeba sumu nyingi. Kosa kubwa hutokea kwenye kuchukua sampuli, kabla hata ya maabara. Tumia bambo refu, kile chuma cha kuchomea gunia, chomoa juu, katikati na chini, kwenye magunia mengi, mpaka upate kilo 5 au zaidi. Zisagwe zote, unga uchanganywe vizuri, ndipo kiasi kidogo kipelekwe kwenye kipimo. Ukipeleka konzi ya punje, umejipimia bahati. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa sumukuvu yote, na 5 kwa aina ya B1.

Kupika hakuitoi sumu hii, na mwaka 2016 watu walikufa kwayo Dodoma na Manyara. Kinga ni kukausha mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Kwa kuanzia, weka mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani, juu ya turubai.

Naweza kumkataa mtafiti? Na mbona hawarudi kutuambia walichopata? (Mama wa watoto wanne, Kongwa)

Unaweza, mama, hata katikati ya mahojiano, na huduma yako ya zahanati haipaswi kuguswa. Akija, mdai kwanza karatasi: barua ya chuo, kibali cha mkoa na cha wilaya, na kwa utafiti wa afya, kibali cha maadili. Akitaka damu au kinyesi cha mtoto, muulize kinapimwa nini, kitatunzwa muda gani, na mtoto akikutwa mgonjwa nani atakuletea majibu. Usisaini wala kuweka dole gumba kabla hujasomewa fomu yote kwa lugha unayoielewa.

Kuhusu kurudi, mna haki ya kulalamika. Tasnifu nyingi huandikwa kwa Kiingereza na kuishia maktaba ya chuo. Mtendaji aandike kwenye daftari la wageni jina la mtafiti, simu yake na ya msimamizi wake, pamoja na mwezi alioahidi mrejesho. Mwombeni ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kubandikwa ofisi ya kijiji, na apewe tarehe ya mkutano mkuu wa kijiji wa robo mwaka ambapo atakuja kuusoma ukurasa huo.