Tapeti ngumu ikinyamaza, iogope

Tapeti ni kipande cha chuma kinachosukumwa na kamshafti, ule mhimili wenye nundu, ili valvu ifunguke. Maswali ya juma hili yote ni ya tapeti ngumu, zile zisizojazwa mafuta ndani, ambazo nafasi yake, ule uwazi mdogo unaoachwa kabla ya valvu kusukumwa, unaipima mwenyewe.

Yaya fundi, Toyota yangu ina moteri ya 2JZ-GTE, ilipitia Dar es Salaam na Kasumbalesa. Asubuhi inapiga tiki-tiki. Jirani anasema nikaze mpaka ikae kimya. (Kampemba)

Usikaze, mdogo wangu. Kwanza, utakaza nini? Kwenye moteri hiyo tapeti ni kikombe kilichofunika valvu, na juu yake kuna kisahani cha chuma, kale, kinachobadilishwa kwa unene. Toyota wanataka nafasi ya mm 0.15 hadi 0.25 upande wa hewa, na 0.25 hadi 0.35 upande wa moshi, moteri ikiwa baridi. Baridi maana yake imelala usiku kucha, si ile uliyoizima ukaenda kula bukari.

Tiki-tiki ndogo inakuambia nafasi ipo. Mimi naogopa ukimya. Kadiri kilomita zinavyoongezeka, valvu huzama taratibu kwenye kiti chake, nafasi inapungua, na mwisho valvu haifungi sawasawa. Valvu ya moshi hupoa kwa kugusa kiti. Isipogusa, ukingo wake unaungua. Hapo ralanti (moteri ikinguruma bila kukanyagwa) itatetemeka, kompresheni ya silinda moja itashuka, na utakuwa unafungua kulasi, yaani kichwa cha moteri, badala ya kununua kale. Sauti ikizidi, pima pia. Andika vipimo vya valvu zote 24 kwenye karatasi kabla ya kununua chochote, maana mara nyingi kale inayotoka hapa inafaa pale.

Nina Nissan ya moteri ya RB25DET, zile za kwanza zenye tapeti za mafuta. Rafiki yangu mwenye RB26 anasema tapeti ngumu ndizo zinampa mbio. Nizitie? (Likasi)

Rafiki yako ana turbo mbili, halafu anasifu tapeti! Tapeti haizai nguvu hata farasi mmoja. Inachofanya ni kukuruhusu kutumia kamshafti kali na mizunguko ya juu, pale ambapo tapeti ya mafuta huweza kujivimbisha na kuizuia valvu isifunge. Tena nundu ya kamshafti ya tapeti ngumu huwa na mwinuko mpole mwanzoni, wa kumaliza ile nafasi taratibu. Kamshafti yako haina; ukitia tapeti ngumu, itagongwa kama msumari. Ni kamshafti, springi na tapeti kwa pamoja, au uache. Kama hufiki mizunguko 7,000 kwa dakika, acha.

Marehemu baba aliniachia Chevrolet ya V8. Nimeagiza kamshafti mpya. Pusuwari (tapeti) za zamani ni nzuri bado, nizirudishe? (Kamalondo)

Hapana, hata ziking'aa. Uso wa tapeti hizo unaonekana bapa, kumbe umevimba kidogo sana katikati, na nundu nayo imechongwa mshazari kidogo, ili tapeti izunguke ndani ya tundu lake. Isipozunguka, inaliwa. Ya zamani imeshazoea nundu yake moja. Ukiiweka juu ya nundu mpya inaweza kuimaliza siku hiyo hiyo. (Ungebaki na kamshafti ya zamani, ningekuambia uzipe namba, kila moja irudi tunduni mwake.)

Paka grisi ya molibdeni kwenye kila nundu. Maji, petroli na taimingi viwe tayari kabla ya kuwasha, kwa sababu ikishawaka hairuhusiwi kukaa ralanti: mizunguko 2,000 hadi 2,500, ukipandisha na kushusha, dakika 20 hadi 30. Nundu zinapata mafuta yanayorushwa na kranki, na kwa ralanti yanarushwa machache. Nafasi ya valvu soma kwenye karatasi iliyokuja na kamshafti, usiige ya mtu. Kulasi ikiwa ya aluminiamu, kwenye V8 ya namna hiyo nafasi huongezeka moteri ikipata moto, kwa hiyo kipimo cha baridi huwa kidogo zaidi.

Na mafuta je? (huyo huyo)

Tangu daraja la ubora wa mafuta liitwalo API SM, la mwaka 2004, fosforasi kwenye mafuta mepesi kama 5W-30 ilipunguzwa hadi asilimia 0.08, ili kulinda katalisti, kile kisafisha moshi cha ekzosi. Tapeti bapa zinaitegemea, pamoja na zinki. Tafuta mafuta ya mashindano, au 15W-40 ya dizeli ambayo maelezo yake yanataja zinki ya kutosha.

Nipime kila baada ya muda gani? (Katuba)

Moteri ya mashindano, kila baada ya siku ya mbio. Ya barabarani, kila vidanji (kubadilisha mafuta) mpaka uone namba zimetulia. Valvu moja ikiongeza nafasi ghafla huku nyingine zimetulia, usirekebishe ukaondoka: nundu inaliwa. Kata filta ya mafuta, kunjua karatasi yake juani. Ikimetameta kwa chembe za chuma, usiwashe tena.