Muulize Bwana Afya: Harufu inatoka chini ya tailizi

Tangu baridi ya mwezi wa saba ianze kupiga hapa Dodoma meseji zenu zimebadilika kabisa, mwezi wa tatu ilikuwa mbu na matumbo ya watoto, sasa hivi ni harufu tu. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa maana kiukweli ilininyima usingizi.

*Shikamoo Bwana Afya. Mimi ni mama wa watoto wawili, tumepanga nyumba nzima Nkuhungu, tumelipa kodi ya mwaka mwezi wa nne. Nyuma ya ukuta wetu kuna kiwanja kilichokuwa sheli zamani, siku hizi wamepiga pevingi wanapaki malori. Tangu baridi ianze, asubuhi nikifungua chumba cha watoto nakutana na harufu ya petroli, siyo kali ila ipo. Mkubwa analalamika kichwa, akienda shule kufika mchana kimepona. Mwenye nyumba alileta fundi akang'oa tailizi akapiga mpya, harufu ikahamia bafuni. Sasa anasema shida ni pua yangu. Nihame? – Mama Wawili, Nkuhungu*

Marahaba dada yangu. Pua yako nzima, mwambie mwenye nyumba nimesema mimi.

Kabla ya yote, moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, unajikusanya kwenye kona na chini ya vitanda, na ukifika kama asilimia moja na nusu hivi ya hewa ya chumba basi cheche ya swichi inatosha. Kwa hiyo siku harufu ikizidi, ukaisikia ukiwa bado koridoni, usiwashe taa na kama inawaka usiizime, acha swichi ilivyo, toa watoto nje, ukishafika barabarani huko ndo upige 114 Zimamoto. Jiko la mkaa na mshumaa chumba hicho marufuku kuanzia leo.

Pili nijibu kwa ukweli: kuna pikipiki inalala ndani? Nauliza kwa sababu nimeshaingia nyumba sijui ngapi watu wanalia na sheli ya jirani kumbe bodaboda inalala sebuleni kila usiku, kabureta inadondosha tone tone kwenye zulia na dumu la lita tano limefichwa nyuma ya kochi. Angalia na thina iliyobaki baada ya fundi rangi kuondoka. Kama vyote havipo, twende chini ya sakafu.

Tanki la sheli linazikwa, linakula kutu, linavuja kidogo kidogo kwa miaka bila mtu kujua, na hata likija kutolewa udongo uliolowa unabaki palepale. Ile petroli inageuka mvuke, unapenya katikati ya punje za mchanga kutafuta pa kutokea. Sasa hapa ndo wengi hawaelewi: nyumba yako haikai tu kusubiri mvuke uje, nyumba inauvuta. Usiku nje baridi, ndani watu mmelala mmefunga madirisha ya aluminiamu, hewa ya ndani ina joto kwa hiyo inapanda, inatokea kwenye nafasi za jipsam na chini ya bati, na ikitoka juu lazima nyingine iingie chini kufidia. Itaingilia wapi na madirisha umefunga? Kwenye nyufa za jamvi, yaani lile zege la sakafu, pale sakafu inapokutana na ukuta, na kwenye tundu la bomba la choo ambalo fundi alitoboa kubwa akaziba kwa saruji ya kubahatisha. Nguvu yenyewe ni ndogo huwezi kuihisi mwilini ila inafanya kazi usiku kucha bila kuchoka, ndo maana asubuhi harufu ipo na mchana ukifungua inakata. Na kama una ile feni ya kutoa hewa bafuni, ukiiwasha milango imefungwa unaongezea uvutaji.

Umetaja pevingi, na hiyo si jambo dogo. Udongo wa kawaida una bakteria wanaokula mvuke wa petroli, wakipata oksijeni ya kutosha hata mita moja au mbili za udongo safi zinaweza kuumaliza kabla haujafika juu. Ukishafunika kiwanja kizima kwa pevingi na zege, oksijeni inapungua huko chini na mvuke unakosa pa kutokea, unaenda pembeni, na pembeni ndo kwako.

Kuhusu tailizi, fundi hakukosea kupiga tailizi, alikosea kudhani tailizi ni kizibo. Aliziba mlango mmoja mvuke ukatumia mwingine. Kule bafuni angalia tundu la kutolea maji sakafuni, pale chini bomba limepinda ili libaki na maji kidogo, na yale maji ndo kizibo chenyewe. Niliwahi kuitwa nyumba moja Area C harufu mbaya imewashinda wiki tatu, wameshanunua na dawa za kunyunyiza, kumbe bafu la wageni halitumiki, maji ya kwenye ile kona ya bomba yamekauka na hewa ya chemba inapanda moja kwa moja. Nilimwaga ndoo moja ya maji, nikanywa chai yao, nikaondoka. Mvuke wa petroli nao hupita njia hiyohiyo ukiingia kwenye mabomba ya majitaka, kwa hiyo mwaga maji kila tundu la sakafu kila wiki, hata bafu lisilotumika.

Ukitaka kujua panapoingia, alfajiri kabla hujafungua madirisha chukua kipande chembamba cha tishu, kishike karibu na ufa au pembeni ya bomba, kikipeperuka kuja ndani hapo ndo pana njia. Kuna mtu atakwambia uwashe udi uone moshi unakoelekea. Kwenye nyumba yenye harufu ya petroli? Usithubutu. Ziba hizo njia kwa silikoni au gundi ya kuzibia inayovutika, siyo saruji kavu itakayopasuka tena, maana mnajua wenyewe udongo mweusi wa mbuga unavyovimba na kunywea na kupasua nyumba za watu hapa. Watoto wahamishie chumba cha mbali na ule ukuta, na walale na dirisha wazi upande mmoja, blanketi lipo.

Hiyo yote ni ya muda. Dawa ya kudumu kwa nyumba iliyokwisha kujengwa ni kutoboa jamvi, kuchimba chini yake kishimo cha ukubwa wa ndoo, kuingiza bomba la inchi 4 na kulipandisha mpaka juu ya paa, na feni ya kuvuta imefungwa nje, ili ardhi ivutwe na bomba badala ya kuvutwa na nyumba. Kwa petroli feni iwe isiyotoa cheche na afunge mtu anayejua, siyo fundi wa feni za dari. Na chanzo nacho kitolewe, hiyo ni kazi ya mwenye kile kiwanja siyo yako. Andika barua kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa afya wa kata, nakala NEMC kwa upande wa mazingira na EWURA ambao ndo wasimamizi wa sheli, taja tarehe na saa unazosikia harufu. Daftari la siku kumi na nne lina nguvu kuliko malalamiko ya mwaka mzima. Kuhusu vipimo waulize Mkemia Mkuu wa Serikali, hapa Dodoma wapo.

Nihame? Ndani ya petroli kuna benzeni, na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka kundi la kwanza, yaani inajulikana kusababisha saratani, hasa ya damu, na shirika lenyewe linasema hakuna kiwango cha benzeni cha kukiita salama. Hatari inaenda na wingi na miaka, wiki mbili siyo sawa na miaka kumi. Pia pua isikudanganye, ikizoea inanyamaza wakati mvuke upo. Mimi ningekuwa wewe, ningeziba na kufungua madirisha wiki hii hii, na kama baada ya hapo kichwa cha mtoto bado kinauma ndani na kupona nje, ningedai kodi yangu iliyobaki nikaondoka. Ungekuwa mjamzito ningekwambia ondoka kwanza tudai baadaye.

*Habari za kazi mzee wangu. Nimepata kiwanja Kizota bei chee, zamani ilikuwa gereji. Udongo juu mweusi kwa oili. Fundi anasema tukwangue kidogo tumwage jamvi, oili haina shida. Ni kweli? – Kijana Mjenzi*

Fundi kapatia nusu. Oili chafu yenyewe haipandi hewani sana. Shida ya gereji ni vile vinavyooshea spea, petroli, thina, na zile dawa za kutoa grisi, baadhi yake zina kemikali za jamii ya TCE (trikloroethilini) ambazo ni nzito kuliko maji, zikimwagika zinazama chini kabisa na kusafiri na maji ya ardhini mbali na zilipomwagwa, na bakteria hawazili kirahisi kama petroli. Kule Endicott, jimbo la New York, kiwanda cha IBM kilimwaga dawa za namna hiyo, umwagikaji mkubwa ukajulikana mwaka 1979, na miaka ya 2000 ndo watu wakagundua mvuke unaingia majumbani, mamia ya nyumba zikafungwa mabomba na feni. Wamarekani wana kipimo chao cha haraka, kwa petroli wanaanza kuchunguza nyumba iliyo ndani ya mita 9 hivi kutoka kwenye uchafu, kwa hizi dawa nyingine mita 30. Wewe utalala juu yake.

Kwa hiyo chimba mashimo manne matano ya kina cha kiunoni, sehemu walipokuwa wanaoshea injini usiiache, angalia rangi na unuse kwa mbali siyo kuinamia. Udongo mchafu utoke wote, na hapa simama mwenyewe site maana nawajua mafundi, udongo uleule uliochimbwa ndo wanaujazia ndani ya msingi kuokoa tripu ya kifusi! Usiutupe korongoni pia, waulize NEMC unapelekwa wapi. Jaza moramu safi, juu yake kokoto kubwa sentimita 10, ndani ya kokoto laza bomba la inchi 4 lenye matundu, lipandishe ukutani mpaka juu ya bati, ndo utandike nailoni nene lisilotoboka, maungio yapandane na kufungwa vizuri kuzunguka kila bomba, halafu jamvi. Feni utaweka baadaye ikihitajika. Bomba hilo leo ni gharama ndogo, kesho ni kuvunja sakafu. Na kisima hapo usichimbe.

*Shikamoo Bwana Afya. Huku Bahi tunasikia ardhi ina urani. Wanafunzi wameniuliza kama ni kweli inatoa gesi ya saratani, nikakosa jibu. – Mwalimu, Bahi*

Marahaba mwalimu. Urani Bahi na Manyoni imetafutwa na watafiti wa madini, hiyo siyo siri. Na kweli urani ikioza taratibu inafika hatua ya kutoa gesi inaitwa radoni, haina rangi, haina harufu, kila siku nne kasoro kidogo nusu yake inaisha lakini ardhi inatoa nyingine. Inaingia ndani kwa njia zilezile nilizomwambia Mama Wawili, tofauti ni kwamba hii pua haikusaidii kabisa. Baada ya sigara ndo sababu kubwa ya saratani ya mapafu, na mvutaji anayeishi nayo hatari yake inapanda zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi bekereli (kipimo cha mionzi) 100 kwa kila mita ya ujazo ya hewa ya ndani, ikishindikana basi isipite 300.

Wanafunzi wape kisa hiki. Desemba 1984 huko Pennsylvania, Marekani, fundi mmoja anaitwa Stanley Watras alikuwa anawasha kengele za mionzi kila akiwa kazini kwenye kinu cha nyuklia, wakatafuta kosa kinuni, kumbe kinu kilikuwa bado hakijawekewa hata mafuta yake ya nyuklia. Mionzi alikuwa anaitoa kwake nyumbani. Radoni ya nyumba ile ilizidi mara zaidi ya 600 kiwango ambacho baadaye Marekani iliweka kuwa cha kuchukua hatua. Wakafunga mabomba na feni, familia ikarudi.

Ila usiwatishe watoto, urani kuwepo wilayani haina maana kila nyumba ina radoni, inategemea udongo wa palepale na nyumba yenyewe. Kinachojua ni kipimo, na Tume ya Nguvu za Atomiki ndo wenye kazi ya mionzi nchini, shule ikiwaandikia barua inasikika kuliko mtu mmoja. Nyumba zetu za madirisha wazi zina unafuu, wasiwasi wangu ni hizi mpya za vioo na eisii zisizopumua.

*Kaka, saluni yangu imepakana na fremu ya drai klina. Taulo zangu zinanuka dawa tamu tamu. Ni hii ya ardhini? – Dada wa Saluni, Majengo*

Hapana mdogo wangu, kwako inawezekana inapita juu ya dari na kwenye ukuta tu, hizi fremu dari ni moja mwanzo mwisho. Dawa inayotumika sana kwenye drai klina ni perkloroethilini, nayo ipo kwenye orodha ya zinazodhaniwa sana kuleta saratani, na inaumiza ini na kichwa. Ongea na jirani vizuri, mmwambie mwenye fremu azibe ukuta mpaka kwenye bati, mashine itoe hewa nje. Akigoma, OSHA ndo wenye mambo ya sehemu za kazi. Ila yakimwagwa nyuma ya fremu yale masalia ya mashine ndo inakuwa ya ardhini kweli, kwako na kwa wote wa mstari huo. Yeye anamwaga wapi? Chungulia kesho uniambie.