Pampu ya maji moto ya sola: kabla hujanunua ya tatu

SWALI: Nina nyumba ya wageni ya vyumba 8 hapa Dodoma. Paneli za kupashia maji ziko juu ya bati, tangi la maji moto la lita 500 liko stoo chini, na pampu ndogo huzungusha maji kati yake. Maji ni ya kisima, yanalishwa na simtanki iliyo juu kuliko paneli. Ndani ya mwaka mmoja na nusu pampu mbili zimekufa, na kila moja ilianza kwa kunguruma kana kwamba imemeza changarawe. Fundi anasema nibadilishe kampuni. Nishaurini.
Mwenye nyumba ya wageni, Dodoma

JIBU: Usinunue kwanza. Pampu mbili zikifa kwa dalili ileile, mtuhumiwa ni mabomba na maji yenyewe, na ya tatu itakufa vilevile hata ikiwa ya bei mbaya.

Mngurumo huo ni hewa au mvuke. Pampu hizi hazipakwi grisi. Beringi zake hulainishwa na kupozwa na maji yanayopita ndani. Hewa ikikwama humo zinasagana kavu, na haichukui muda mrefu kuharibika.

Je, simtanki huwa inakauka siku za mgao? Ikikauka, hakuna tena uzito wa maji wa kuzijaza paneli, hewa inaingia, na pampu inaendelea kuzunguka bure. Tunaamini hapo ndipo penye kisa chako. Funga swichi ya boya ndani ya simtanki ikate umeme wa pampu maji yakishuka hadi robo.

Halafu tazama pampu imekaa bomba gani. Mahali pake ni bomba la baridi, lile linalotoka chini ya tangi kupanda kwenye paneli. Ikikaa kwenye bomba la moto, maji ya saa saba mchana yaliyokaribia kuchemka hugeuka mapovu ndani yake. Shafti ilale sambamba na sakafu. Ikisimama wima, hewa hujikusanya kwenye beringi ya juu.

Kilele cha bomba la moto kiwe na vali ya kutolea hewa. Kazi hiyo ifanywe alfajiri, paneli zikiwa baridi: zima pampu, fungua vali hadi maji yatoke bila povu, washa pampu dakika 5, zima, toa hewa tena. Mchana usithubutu. Mvuke unaunguza, na kama paneli zako ni za mirija ya kioo, maji baridi yakiingia ghafla huweza kuipasua.

Linabaki suala la ukoko mweupe. Chokaa ya maji ya kisima huganda zaidi joto likipita nyuzi 60, kwa hiyo weka kikomo cha tangi hapo. Funga kichujio kabla ya pampu na ukisafishe kila mwezi, na koki mbili, moja kila upande, ili pampu ifunguliwe bila kumwaga tangi zima. Mwili wa pampu uwe wa shaba nyeusi au chuma cha pua. Chuma cha kawaida huoza, maana kila siku yanaingia maji mapya yenye oksijeni. Pampu ikikwama, kata umeme, fungua skrubu ya katikati kama ipo, kisha zungusha shafti taratibu kwa bisibisi bapa.

SWALI: Usiku pampu imezima, lakini asubuhi maji ya tangi yamepoa na paneli zina joto. Kwa nini?
Msomaji, Iringa

JIBU: Maji moto yanapanda yenyewe hadi kwenye paneli na kupoea huko. Vali ya kuzuia maji kurudi haipo, au imekwama wazi kwa uchafu. Ifungue, isafishe, na ukiirudisha hakikisha mshale wake unaelekea kule pampu inakosukuma.